Upande wa Matoazi

Mpiga besi husimama kando ya mpiga ngoma, upande wa matoazi ya mguu. Hili si jambo la kujadiliwa. Anayebisha hajawahi kupiga besi, au aliwahi na hakuna aliyemwomba arudie. Matoazi yale mawili yanayofunguka na kufunga chini ya mguu wa kushoto wa mpiga ngoma ndiyo saa ya bendi. Mpiga besi anatakiwa ayaone, na mpiga ngoma anatakiwa amwone mpiga besi. Wengine wote wasimame wapendapo, hata nje ya jengo, na kwa bendi yetu hiyo ingekuwa heri zaidi.

Bendi yetu ilikuwa ya kampuni, na kampuni yetu, pembeni mwa mji wa Okayama, hutengeneza vifuniko vya mabafu. Ni vile vya plastiki vya kukunja, vya kuzuia maji ya kuoga yasipoe, ambavyo kila nyumba inavyo na hakuna anayevitazama. Mimi, Okabe Chizuru, ni mfanyakazi wa mkataba ninayepokea simu za malalamiko. Kutwa nzima nasikiliza watu wakilalamika kwamba kifuniko kimeota ukungu, nawaambia poleni sana, na moyoni najua hawakioshi. Mtu anaweza kudhani kazi hiyo ndiyo iliyonipa dharau. Dharau nilikuwa nayo tangu zamani, simu ziliimwagilia maji tu.

Gitaa lilipigwa na Ishizuka, mkuu wa idara ya mauzo. Alikuwa na gitaa ambalo wapigaji wa kweli huliota usingizini, naye alilipiga kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili la kwetu lilikuwa limeunganishwa kwenye spika kubwa kuliko zote chumbani. Aliyeimba ni Sugita, msaidizi wake. Sauti Sugita hakuwa nayo, ila Mungu alimjalia kiuno cha kuinama. Ishizuka alipokosea wimbo, Sugita naye alikosea makusudi palepale, ili ionekane ndivyo wimbo ulivyotungwa. Nimeona watu wa kujikomba katika maisha yangu, lakini huyu alikuwa anajikomba kwa mahadhi.

Na ngoma zilipigwa na Mzee Hirakawa Tsuneo wa karakana ya mashine za kukandamiza plastiki. Huyo nilimheshimu. Alipiga bila mbwembwe, kila pigo mahali pake, na hakuwahi kusema neno asiloulizwa. Mwisho wa kiangazi alikuwa anastaafu, na sherehe ya kampuni ya kutimiza miaka sitini ingekuwa mara yake ya mwisho kupiga nasi.

Siri yake niliigundua kwa sababu ya kengele ya moto. Tulikuwa tunafanya mazoezi ghalani kama kawaida yetu, mimi nikiwa kando ya matoazi, na wakubwa wamejipanga wanavyojua. Walinzi wakaamua kuijaribu kengele. Ni kengele ya kuamsha wafu. Ishizuka aliruka, Sugita akaruka baada ya kuona mkuu wake ameruka, wote wakanyamaza. Mimi ni mkaidi, nikaendelea kupiga. Mzee Hirakawa akaendelea nami, uso umetulia kabisa, kengele ikimlilia juu ya kichwa. Nilipoinua vidole kutoka kwenye nyuzi, naye akasimama.

Tulipokuwa tunakunja nyaya alinisogelea.

"Umejua," akasema.

"Nimejua nini, mzee?"

"Usinizungushe, Bi Okabe. Mashine zimekula masikio yangu. Mtu akiongea namwangalia mdomo. Muziki ndiyo basi tena, nasikia mvumo tu kama friji."

"Sasa unapigaje?"

"Naangalia vidole vyako. Vikienda naenda, vikisimama nasimama."

"Na gitaa la Mkuu je?"

"Hiyo ndiyo faida yake," akasema. "Silisikii."

Nilicheka hadi nikaketi juu ya sanduku la vifuniko. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba mkewe hajawahi kumwona akipiga ngoma hata mara moja, maana ghalani hakuna watazamaji, na kwamba siku ya sherehe angekuja. Alitaka kumaliza siku hiyo tu, mbele ya mkewe, bila kuonewa huruma na mtu. Baada ya hapo wangemwita kiziwi wapendavyo. Aliniomba nisimwambie mtu, nami nikamwahidi.

Ghalani hakukuwa na shida, kwa sababu ghala halina upande wa juu wala wa chini. Shida ilianza tulipokwenda kufanya mazoezi kwenye ukumbi wenyewe wa sherehe, wenye jukwaa halisi, pazia jekundu na taa. Sugita alitangulia na utepe wa kubandika, akatia alama sakafuni mahali pa kusimama kila mtu. Nilipokwenda kusimama kando ya matoazi nikamkuta amenifuata.

"Samahani Bi Okabe, hapo uliposimama ni kamite."

"Hapa niliposimama ni kwenye matoazi."

"Ndiyo, lakini ni kamite, upande wa juu wa jukwaa. Mkurugenzi atakaa pale mbele. Ataona mfanyakazi wa mkataba yuko upande wa juu, na Mkuu amewekwa upande wa chini. Atafikiri nini?"

"Atafikiri mpiga besi yuko kando ya ngoma."

"Mkurugenzi hawezi kufikiri hivyo."

Hapo nilikubaliana naye. Mkurugenzi wetu angeweza kulichukulia gitaa la besi kuwa ni ubao wa kupigia pasi. Lakini nilimtazama Ishizuka, mtu mzima mwenye mvi, akijikagua pale kamite kama bibi harusi, mkono mmoja kiunoni, na nikaona haya kwa niaba ya mama yake. Mimi nikapelekwa ng'ambo ya pili, nyuma ya mikunjo ya pazia, mahali ambapo Mzee Hirakawa hangeweza kuona hata nywele zangu.

Tukaanza. Sijui niseme tulipiga nini. Mzee alianza vizuri, akatafuta vidole, akavikosa, akaangalia vidole vya Ishizuka, ambavyo havijawahi kumwongoza mtu popote. Ngoma zikaenda mbele, zikarudi nyuma, zikasimama. Akaanza tena, ikawa vilevile. Ishizuka akashusha gitaa na kutabasamu, lile tabasamu la wakubwa wanapotaka kumzika mtu kwa adabu.

"Umri, mzee wangu, umri," akasema. "Wala si aibu kupumzika. Nyumbani nina mashine ya midundo, ndogo tu, inatosha kwenye kisanduku cha chakula. Haichoki, haikosei, haiendi chooni."

"Na haidai likizo, Mkuu," akasema Sugita.

"Haidai likizo! Basi siku hiyo nitaibeba. Tukiona mambo yanakwenda kombo, tunaibonyeza tu, na wewe mzee unapigapiga kidogo juu yake kwa ajili ya picha. Unaonaje?"

Mzee Hirakawa alikuwa anamtazama mdomo. Akainama kutoka kwenye kiti chake. "Naomba radhi kwa usumbufu," akasema.

Aliomba radhi yeye. Ningeweza kuwaambia ukweli palepale, wangemwonea huruma, wangempigia makofi, wangemletea shada la maua, na angetamani ardhi immeze. Na nilikuwa nimeahidi. Kuwaeleza habari ya matoazi nilikwisha kujaribu, na kumfundisha Ishizuka muziki ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikaamua nisizungumze muziki kabisa. Nikamfuata Sugita kwenye mashine ya vinywaji huko nje.

"Bwana Sugita, nina wasiwasi kidogo kuhusu Mkuu."

"Wasiwasi gani?"

"Ule mlango wa jukwaani. Uko upande gani?"

Alifikiri, kopo la kahawa mkononi. "Kamite," akasema.

"Basi tu. Nilikuwa nauliza."

"Una maana gani?"

"Sina maana, bwana. Ila wale wanaoleta maji na taulo watakuwa wanaingilia pale, wanampita Mkuu mgongoni. Sasa mtu akiliangalia jukwaa kama jukwaa, sawa, Mkuu yuko juu. Lakini akiliangalia kama chumba…"

Sikumalizia, na hakukuwa na haja. Sote tumelelewa nyumba moja: mgeni wa heshima hukaa mbali na mlango, na wa mwisho kabisa hukaa mlangoni apokee chai. Niliona rangi ikimtoka Sugita kuanzia kwenye paji la uso.

"Jukwaa si chumba," akasema taratibu.

"Kweli kabisa. Mkurugenzi bila shaka anajua kwamba si chumba."

Akaliacha kopo lake la kahawa juu ya mashine na kuondoka mbio. Niliporudi ndani, alama za utepe zilikuwa zimehamishwa, na Ishizuka alikuwa ameshahama na spika lake hadi ng'ambo, mbali na mlango. Akaniita kwa sauti ya ukarimu. "Bi Okabe, nimeamua kukuachia nafasi hii ya hapa. Muziki ni kushirikiana." Nikainama hadi chini kumshukuru, maana nilikuwa nataka kuficha uso. Tulipiga nyimbo zote, na Mzee Hirakawa hakukosea hata pigo moja. Ishizuka alisema unaona, mzee amezinduka baada ya kuambiwa. Lakini mashine alisema ataileta tu.

Siku ya sherehe watu walijaa ukumbini mchana, wafanyakazi na wake zao na waume zao, watoto wamepewa vifuniko vidogo vya mapambo ambavyo walikuwa wanapigana navyo. Mke wa Mzee Hirakawa alikaa safu ya pili, mama mwembamba akijipepea kwa kipepeo cha karatasi. Mkurugenzi alikaa katikati mbele, amesinzia kwa heshima. Na mashine ya midundo ilikuwa pale, juu ya spika la Ishizuka, taa yake nyekundu imewaka.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama. Ukabaki mmoja, wimbo ambao Ishizuka aliutunga mwenyewe kwa ajili ya miaka sitini, uitwao "Joto Lisitoroke". Ndiyo, ulikuwa unahusu vifuniko vya mabafu. Kabla ya kuuanza, Ishizuka akashika maikrofoni, akatoa tari nyuma ya spika, na kutangaza kwamba wimbo huu hauwezi kupigwa bila Mkurugenzi mwenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Mkurugenzi akaamka, akakataa kwa mkono kama adabu inavyotaka, akaombwa tena, akapanda.

Sasa tazama akili za watu hawa. Mtu amepanda na tari, angeweza kusimama popote. Lakini Sugita alishafanya hesabu yake: pale mbali na mlango pawe pa Mkurugenzi, Ishizuka asogee hatua moja, yeye Sugita atoke katikati asije akasimama mbele ya wakubwa, na kwa kusogea hivyo akajikuta amesimama palepale kwenye matoazi, mahali pangu.

"Bi Okabe, shuka kidogo," akaninong'oneza.

"Nishuke wapi?"

"Pale kwenye ngazi za mlangoni. Sauti yako itafika tu."

"Bwana Sugita, niache hapa. Nakuomba."

"Usituaibishe mbele ya Mkurugenzi. Shuka."

Sikuwa na muda wa kubishana, Ishizuka alikwisha kuinua mkono. Nikashuka na besi yangu hadi kwenye ngazi, nyuma ya lile pazia jekundu, karibu na spika langu dogo. Kutoka pale nilimwona Mzee Hirakawa bega la kushoto tu. Nilimwona akigeuka kunitafuta, na akakuta koti la Sugita.

Wimbo ulianza. Mapigo ya kwanza alikuwa nayo kichwani, akayapiga barabara. Kisha Mkurugenzi akaanza na tari yake, ambayo haikuwa na habari na mtu, Ishizuka akaifuata tari kwa sababu ni ya mkubwa, na mimi nikaona lile bega linapoteza njia. Lilisita, likakimbia, likasita tena. Mama wa safu ya pili aliacha kujipepea. Ishizuka akatazama nyuma, akatabasamu lile tabasamu, na kunyoosha mkono kuelekea kwenye mashine.

Nikapanda zile ngazi. Nilimsukuma Sugita kwa kichwa cha besi, naye akayumba huku anaimba. Waya wangu ukanasa kwenye pazia, ukakaza. Nikavuta, nikahisi kitu kimeachia, waya ukawa mlegevu kama kamba iliyokatika ndoo kisimani. Kila mpiga besi anajua maana yake. Umechomoka, na hakuna tena sauti.

Ningeweza kurudi kuuchomeka. Lakini kule ni nyuma ya pazia, na mkono wa Ishizuka ulikuwa umeshafika kwenye mashine. Nikapiga magoti ukingoni mwa jukwaa dogo la ngoma, kando ya matoazi, nikaupa ukumbi mzima mgongo, pamoja na Mkurugenzi na tari yake, nikaiegemeza besi kwenye paja na kuchezesha vidole mbele ya macho ya Mzee Hirakawa. Nilivichezesha vikubwa, polepole, kama unavyomwonyesha mtoto kuhesabu. Macho yake yakavishika. Mguu wa kushoto ukashuka, matoazi yakafunga, na ngoma zikarudi mahali pake kama hazikuwahi kuondoka. Ishizuka akarudisha mkono kwenye gitaa.

Nilipiga wimbo wote uliobaki bila kutoa sauti hata ya nzi. Nyuzi zilikuwa zinanong'ona mapajani mwangu tu. Na katika ukumbi ule uliojaa watu, mameneja, wahasibu, wapenzi wa muziki wanaokusimulia santuri zao ukitaka usitake, hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba bendi haina besi. Fundi wa sauti angegundua, lakini alikuwa ametoka kuvuta sigara. Niliwadharau wote kwa pamoja, safu kwa safu, na sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha namna ile. Katikati ya wimbo Mzee Hirakawa aliuona ule waya umelala sakafuni, mkia wake wa chuma unang'aa kwenye taa. Akaniangalia. Akainua unyusi mmoja, akaendelea kupiga, na pigo la mwisho akalitua taratibu kabisa.

Makofi yalipopigwa, mama wa safu ya pili alisimama peke yake. Alipiga makofi mikono imeinuliwa juu ya kichwa, mbali na uso wake, ili yaonekane kutoka jukwaani.

Baadaye tulikaa kwenye chumba cha pili, kwenye mikeka, kuna bia na kuku wa kukaanga na maharage mabichi ya chumvi. Nisieleze walivyokaa. Mimi nilikuwa mlangoni, kwa hiyo kila aliyetaka bia aliniomba mimi. Mzee Hirakawa, kwa kuwa anaagwa, alipewa mahali karibu na Mkurugenzi, akakaa pale muda wa adabu, kisha akachukua mto wake wa kukalia, akaja nao hadi mlangoni. Aliuweka mahali ambapo mimi nilikuwa kushoto kwake.

Ishizuka akatufuata, uso mwekundu kwa bia, Sugita nyuma yake.

"Bi Okabe, leo ulimpa Mkurugenzi mgongo," akasema. "Hilo tutalizungumza wakati wa mkataba wako."

"Sawa, Mkuu."

"Lakini mimi ni mtu wa haki, nasema na mazuri. Siku zote besi yako inanifunika. Nimevumilia tu, sikutaka kukuvunja moyo. Lakini leo, kwenye ule wimbo wangu, ndiyo mara ya kwanza umepata kiasi chake. Hivyo hivyo. Ndiyo besi inavyotakiwa."

"Ilikaa vizuri mno, Mkuu," akasema Sugita. "Mimi nilikuwa karibu nayo, niliisikia vizuri."

Kila jibu nililokuwa nalo lingenifukuzisha kazi kabla ya bia kwisha, nikainamia glasi yangu tupu. Mzee Hirakawa alikuwa amewatazama midomo, wa kwanza na wa pili, hadi walipomaliza. Akachukua chupa, akanijazia glasi.

"Ni kweli," akasema. "Hata mimi niliisikia yote."